Zambarau za Bi Kanji

Walimwita Bi Kanji kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi yake: alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, na shuka lililopita mikononi mwake lilitandikwa kitandani bila kunyanzi hata moja, limekakamaa na kunukia maua. Ya pili ilikuwa shingo yake. Tangu aachwe na mumewe, shingo ile haikuinama kwa mtu wala haikugeuka kumsalimu mtu. Ukimwamkia, anaitikia huku ametazama mbele kama askari kwenye gwaride. Watu wakasema kanji ya mashuka imempanda hadi kichwani. Mwenyewe alilisikia jina hilo na akaliacha lizunguke. Alikuwa ameshaitwa mabaya zaidi, tena na mtu aliyekula chakula chake.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji, karo la kufulia, na kamba za nguo zilizofungwa kutoka ukutani hadi kwenye shina la mzambarau. Mti huo Bi Kanji aliuchukia kama mke mwenza. Kila msimu zambarau zilipoiva, ziliangukia mashuka. Zisipoanguka zenyewe, ndege walizila na kuja kupumzika juu ya kamba, na kila mtu anajua ndege aliyekula zambarau anaacha nini. Mara nyingi alimwomba bosi mti ukatwe. Bosi, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimjibu kila mara kwamba mti ule ulipandwa na marehemu baba yake, na hautaguswa na shoka yeye akiwa hai.

Basi asubuhi moja bosi akatokea uani, na miwani iko usoni badala ya kifuani. Bi Kanji akajua kuna jambo.

"Bi Kanji, hebu tua hilo beseni kwanza."

"Nakusikia tu, bosi. Mashuka hayasubiri."

"Ndiyo hayo mashuka ninayotaka kuyasema." Bosi akatazama kamba, akatazama chini. "Mwezi huu ukiisha yataanza kufuliwa nje. Kwa mashine. Wanayafuata wenyewe na kuyarudisha yamekunjwa. Mvua inyeshe, jua liwake, kwao ni sawa."

"Nje wapi?"

Bosi akakohoa. "Pale barabara ya sokoni. Penye kibao cha kijani."

Hapo Bi Kanji akalitua beseni.

Rangi ya kibao kile aliichagua yeye. Duka lile walilianza yeye na mumewe, kwa ndoo za kuazima na pasi ya mkaa. Yeye alifua uani, mume akakaa mbele kupokea nguo na kucheka na wateja, na watu wakatoka pale wakisema yule bwana anajua kufua. Mikono yake ilichunika kwa sabuni; ya mume ikabaki laini kama ya mtoto mchanga. Wakapata mashine ya kwanza, wakapata na nyingine, na karatasi zote za duka zikaandikwa jina la yule anayejua kusoma. Kisha akatokea mwanamke mmoja aliyekuwa akileta magauni yake kupigwa pasi. Bi Kanji aliyapiga kwa mikono yake mwenyewe, akayanyoosha kola na pindo, asijue anampamba nani apendeze mbele ya nani. Siku alipojua, magauni yale yalikuwa tayari yanatundikwa kwenye kabati lake. Alitoka pale na pasi yake na nguo za mwilini. Na sasa hata mashuka anayowafulia watu wengine yanakokotwa kwenda kule kule.

"Sina ubaya na wewe," bosi alisema. "Ungekuwa na kazi nyingine unayoijua, ningekuweka. Lakini mpishi ninaye, wa kufagia ninaye." Akainua macho mtini, kama mtu anayetafuta pa kuyaweka. "Kila mwaka wageni wananiuliza hivi vitunda vyeusi ni nini, vinaliwaje. Na mimi nawapa soda kama wanayopewa kila mahali."

Mdomo wa Bi Kanji ukamponyoka.

"Mimi najua kutengeneza sharubati yake."

"Ya zambarau?"

"Ile nzito. Unamimina kidogo tu kwenye glasi, unajazia maji ya baridi. Inakaa chupani hata miezi."

Alikuwa ameiona mara moja katika maisha yake, tena ya tunda jingine, kwenye meza ya mtu aliyempelekea nguo. Kuitengeneza hakujua hata kunaanzia wapi.

Bosi akavua miwani. "Basi niletee nionje kabla mwezi haujaisha. Ikinipendeza mimi na wageni wangu, utakuwa mtu wangu wa vinywaji na nafasi yako hapa haiondoki. Isiponipendeza, mama, tutaagana kwa amani."

Mpishi aliposikia habari hiyo, aliacha kukoroga.

"Umemwambia unajua nini?"

Alikuwa mwanamke mnene, mdogo kwa Bi Kanji kwa umri, na katika nyumba ile yote ni yeye tu aliyethubutu kumtania.

"Nishasema. Yaliyotoka yametoka."

"Dada, wewe maishani mwako ulichowahi kuchemsha ni soksi."

"Na wewe unacheka badala ya kunisaidia."

"Nacheka na kukusaidia, vyote viwili naviweza. Sikiliza." Mpishi akafuta mikono kwenye aproni. Zambarau yeye pia hakuwahi kuzipika, lakini jamu aliijua, na akaona mambo hayo hayawezi kuachana sana. Uchemshe matunda na maji kidogo mpaka yapasuke. Uyaponde, uyachuje kwa kitambaa. Maji yake uyarudishe motoni na sukari na ndimu, uengue povu, kisha utie chupani. "Na usiionee huruma sukari. Hiyo ndiyo inayoilinda isiharibike."

Neno hilo la mwisho likapita masikioni mwa Bi Kanji bila kutua. Mwanamke aliyeishi kwa kubana hata povu la sabuni hawezi kumwaga sukari kama anamwaga mchanga. Akatia nusu ya alichoambiwa. Chupa akazisuuza kwa maji ya bomba, akazijaza, akazishindilia vizibo kwa nguvu zake zote za kukamua mashuka, akazipanga chini ya kitanda katika chumba chake cha kupanga. Akalala akijisifu.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi, akiwa anavaa kwenda kazini, chini ya kitanda kukalia pah! Akaruka. Kabla miguu haijagusa sakafu, pah nyingine. Vizibo vikawa vinagonga chaga za kitanda moja baada ya nyingine, sharubati inachuruzika povu kama mbwa aliyekasirika. Majirani wakaja mbio kuuliza kama kuna usalama. Wakamkuta Bi Kanji amesimama juu ya stuli, ukuta umetapakaa zambarau, na gauni lake jeupe la kazi limekuwa la madoadoa.

"Ni sharubati," aliwaambia, shingo imenyooka. "Nendeni zenu."

Chupa moja ilinusurika. Aliibeba hadi kazini, ameinyoosha mbali na uso kama mtu aliyeshika mkia wa paka wa jirani. Getini alikuwapo mlinzi, mzee waliyemwita Kufuli kwa sababu macho yake yalifungwa zaidi kuliko geti. Kufuli akaomba aonje. Akaonja. Akaomba ahakikishe. Akahakikisha mpaka chupa ikabaki nusu.

"Mama wee," alisema akipangusa masharubu, "hii imeshaacha kuwa sharubati. Mgeni ukimpa hii, hataulizia chumba chake. Atalala hapa hapa getini na mimi."

"Imeharibika, mzee. Lete nikaimwage."

"Kumwaga? Mimi kazi yangu nini hapa? Niachie niilinde."

Mpishi alicheka mpaka akaegemea meza. "Umetengeneza kileo bila kukusudia! Wenzako wanahangaika mwaka mzima kukipata, wewe umekipata chini ya kitanda! Nilikwambia nini kuhusu sukari?"

"Uliniambia," alijibu Bi Kanji kwa shingo upande.

Mara ya pili alifuata kila neno. Mpishi alimwazima sufuria kubwa ya jikoni na akamwachia moto wakati wake wa kupumzika. Chupa zikachemshwa hadi zikawa zinagongana ndani ya maji. Sukari ikamiminwa, na Bi Kanji akafumba macho ili asiione ikienda. Sharubati ikaingia chupani ikiwa bado ya moto, na hakuna chupa iliyopiga kelele, si siku ile wala siku zilizofuata. Aliinua moja dirishani. Rangi ile alikuwa ameiona miaka yote kama doa tu. Jua lilipopita ndani ya chupa, kwa mara ya kwanza aliiona kama rangi.

Mpishi akachanganya glasi na maji ya baridi. Akanywa funda, akalizungusha mdomoni, akameza kwa kazi.

"Vipi?"

"Tamu."

"Mbona uso umekaa hivyo?"

"Tamu, dada. Ila ni kama nimelamba foronya."

Bi Kanji akaonja mwenyewe. Kwanza zikaja zambarau, kisha ndimu, halafu kwa nyuma kabisa kikaja kitu cha maua na sabuni, kikakaa juu ya ulimi na kugoma kuondoka. Yeye aliyeishi ndani ya harufu ya sabuni alichelewa kukisikia, lakini alikisikia. Sabuni imeingiaje? Sukari ni safi, chupa amezichemsha. Sufuria je? Sufuria ni ya nani, na nani huiosha? Akamtazama Mpishi aliyekuwa bado anatabasamu. Yule wa magauni naye alikuwa akitabasamu hivi hivi, naye akimwita dada.

"Sufuria hii uliiosha kwa nini?"

"Kwa sabuni ya vyombo, kama kila siku. Nikaisuuza."

"Uliisuuza kweli?"

Tabasamu likamtoka Mpishi. "Unataka kusema nini?"

"Nasema mimi nikiondoka hapa, kuna mtu atapata pa kumweka ndugu yake. Nishawaona wengi wanaonitilia mchanga kwenye kitumbua changu huku wananiita dada."

Motoni kifuniko cha birika kikawa kinacheza.

"Nimekupa sufuria yangu, moto wangu na mapumziko yangu," Mpishi alisema polepole. "Nakutania, ndiyo. Namtania kila mtu, hata bosi akigeuka. Lakini mimi siyo yule mwanamke wako wa magauni. Kama una ugomvi naye, mfuate kwake. Usije kumtafuta jikoni kwangu."

Akachukua sufuria, akaimwaga maji, akaitundika ukutani kwa kishindo.

Wakawa hawasemezani. Wakikutana koridoni, kila mmoja anautazama ukuta wa upande wake. Bi Kanji alizibeba zambarau akaenda kuzipikia chumbani kwake, kwa jiko lake, katika sufuria yake ambayo aliisugua kwa majivu na maji matupu, sabuni haikuiona. Safari hii hakuna mkono wa mtu utakaosogea. Akachemsha, akaponda, akachuja, akatia sukari kama kichaa. Ikapoa, akaonja.

Foronya.

Alikaa na glasi mkononi, ameshika tama. Akalilaumu bomba. Akamlaumu muuza sukari. Akaulaumu mti wenyewe, kwamba labda kwa miaka yote aliyoulaani umeamua kumlipa. Mtini penyewe matawi ya chini yalikuwa yamebaki majani matupu. Zambarau zilikuwa zimebaki juu tu, na ndege hawakuwa wakizionea haya. Gari lenye rangi ile ya kijani lilionekana getini, watu wake wakashuka kuangalia mashuka, wakayapapasa na kuyapindua kama watu wanaonunua mbuzi. Bi Kanji aliwatazama kupitia dirisha la chumba cha pasi. Akajua kwamba akishindwa tena, ataondoka kwenye nyumba hii kama alivyoondoka kwenye ile, na safari hii hata pasi siyo yake.

Ilikuwa mchana, anapiga pasi. Mashuka yakaisha, foronya zikaisha, na chini ya kapu kikabaki kile kitambaa cha kuchujia. Kilikuwa kipande cha shuka kuukuu alichokikata na kukipinda kingo vizuri. Kila baada ya kukitumia alikifanyia kile alichokifanyia kila kitambaa kilichopita mikononi mwake: akakifua mpaka doa la mwisho, akakisuuza kwa maji ya kulainishia nguo, yale ya chupa ya buluu yanayonukia maua, akakichovya kwenye kanji, akakianika. Hakukuwa na kitambaa safi kuliko kile katika nyumba nzima. Akakinyunyizia maji kidogo, akakipiga pasi.

Mvuke ukapanda ukamgonga usoni.

Akainua pasi. Akakinusa kitambaa. Akatazama mlangoni kama kuna mtu, halafu akakigusa kwa ncha ya ulimi.

Akaketi juu ya kapu. Miaka yote hiyo, kila alipoumia alimjua wa kumlaumu, na hakuwa akikosea. Waliomuumiza walikuwapo, walikuwa na majina na nyuso. Safari hii alitafuta huku na huku, akamkuta mwenyewe, ameshika pasi.

Kukaa pale kulikuwa rahisi kuliko kuinuka. Lakini aliinuka, akapiga moyo konde, akaenda jikoni na kitambaa chake. Mpishi alikuwa anamenya vitunguu, amempa mgongo.

"Nusa hiki."

"Mimi sinusi vitu vya watu. Nisije nikavitilia mchanga."

"Nusa, mdogo wangu. Tafadhali."

Mpishi hakuwahi kulisikia neno tafadhali likitoka kwenye mdomo ule. Akageuka kuangalia kama anaumwa. Akakichukua kitambaa, akanusa. Akanusa tena. Midomo ikaanza kumchezacheza.

"Dada. Hiki ndicho ulichochujia?"

"Ndicho."

"Ulikitia kanji?"

"Na maji ya kulainisha."

"Ukakipiga na pasi."

"Pande zote mbili."

Mpishi alijaribu kujizuia, Mungu shahidi, akashindwa. Kicheko kilimtoka hadi kikamkalisha kwenye kiti. "Ni wewe peke yako duniani! Mtu mwingine yeyote angenyakua tambara lolote, angechuja, angekunywa! Wewe umezipigia pasi zambarau!"

Bi Kanji alisubiri kicheko kiishe. Kilichukua muda, maana kilikuwa kikiisha na kuanza upya. Kisha akasema lile lililomleta, na shingo ikainama.

"Nilikukosea. Nilikusema vibaya na wewe hukunifanya kitu. Nisamehe."

Mpishi akafuta macho. Yalikuwa na machozi ya kicheko na ya vitunguu, na huenda na mengine. "Iliniuma."

"Najua."

"Hujui. Iliniuma sana, maana mimi nilikuwa nakupenda hivyo hivyo na ukali wako." Akasukuma kisu na vitunguu vilivyobaki upande wa pili wa meza. "Kaa umenye. Ukimaliza ndiyo tutazungumza habari za msamaha."

Bi Kanji akamenya vitunguu vyote, na vingine ambavyo havikuhitajika siku hiyo.

Zambarau zilizobaki zilitaka kuangushwa. Kufuli alijitolea kupanda mtini, akakataliwa kwa sauti mbili kwa mpigo, akapewa upondo mrefu asimame nao chini. Ndipo Bi Kanji akatoka na mashuka makuukuu, yale yaliyochakaa yasiyotandikwa tena, lakini bado meupe, na akayatandaza chini ya mzambarau kwa mikono yake mwenyewe. Mpishi alisimama mlangoni, amejishika kiuno.

"Leo nimeona yote. Sasa naweza kustaafu."

"Piga, mzee," Bi Kanji alimwambia Kufuli.

Kufuli akapiga. Zambarau zikanyesha. Zilianguka juu ya ule weupe, zikapasuka, zikabingirika, zikaacha alama kila zilipopita, na kila moja ilipotua mwili wa Bi Kanji ulisisimka kwa mazoea ya miaka. Alijikaza kisabuni, akapiga magoti na kuanza kuzikusanya.

Kitambaa cha kuchujia kilikuwa kipya, cha pamba. Kilichemshwa kwa maji matupu na kukaushwa juani, na pasi haikukisogelea. Mpishi alirudisha sufuria yake mekoni, akakaa pembeni na kikombe chake, akakataa kugusa kitu.

"Ni yako," alisema. "Ikiwa mbaya nataka ubaya wote uwe wako."

Bi Kanji alizichemsha taratibu mpaka ngozi zikapasuka na maji yakawa mazito. Akaziponda kwa mwiko, akazimimina kwenye kitambaa, akakifunga na kukitundika juu ya bakuli, akakiacha kichuruzike chenyewe. Mikono yake iliwashwa na hamu ya kukamua. Akaifunga nyuma ya mgongo. Sukari, ndimu, povu likaenguliwa, chupa zikajazwa. Ilipopoa akamchanganyia Mpishi, akasimama kumtazama koo.

Mpishi akanywa. Akainua glasi mpaka tone la mwisho, akaigonga mezani.

"Foronya imekwenda," alisema. "Zimebaki zambarau. Nenda kaoge, dada, unatisha, mpaka masikio yako ni ya rangi."

Bosi aliweka meza barazani, na kitambaa cheupe juu yake. Siku hiyo kulikuwa na wageni wachache: mzee mmoja na mkewe waliokuwa njiani kwenda kumwona mtoto wao, na muuza vitabu mwenye sanduku zito. Bi Kanji akaleta jagi na glasi kwenye sinia.

Wakanywa. Mzee akatoa ulimi, akamwonyesha mkewe.

"Wa rangi gani?"

"Kama wa jogoo mgonjwa," mkewe alisema. "Wangu je?"

"Wako mzuri."

"Mwongo wewe. Mama, niongeze kidogo, na huyu usimpe." Muuza vitabu naye akasogeza glasi yake kimyakimya, macho yako barabarani, kama mtoto anayejua amekwishapewa.

Bosi alikunywa kidogo kidogo, akitazama glasi kwa miwani na bila miwani. Kisha akaiinamisha makusudi, na tone moja zito likaanguka juu ya kitambaa cheupe cha meza. Wote wakalitazama likitanuka.

"Ona sasa," alisema. "Tamu ni tamu, siwezi kukataa. Lakini kila meza itakuwa hivi kila siku. Na yule bwana wa kibao cha kijani ameniambia wazi, doa la zambarau yeye halipokei. Anasema halitoki."

Bi Kanji akacheka. Kilikuwa kicheko cha kutoka tumboni, kikubwa, hata Mpishi aliyekuwa akichungulia mlangoni akashtuka.

"Halitoki kwake, bosi. Yule hajawahi kulifua hata moja."

"Kwani linatoka?"

"Likiwahiwa. Naomba ndimu, chumvi na birika la maji yaliyochemka. Sabuni isisogee. Ukianza na sabuni linageuka la buluu, halafu linakaa."

Akakivuta kitambaa penye doa, akakikaza juu ya mdomo wa bakuli. Akakamulia ndimu, akatia chumvi, akasugua kwa kidole. Kisha akainua birika juu na kumimina maji ya moto katikati ya doa. Likafifia. Akarudia. Likawa kama waridi, kisha kama kivuli, kisha hata mke wa yule mzee, aliyeinama karibu zaidi kuliko wote, akasema halioni.

Bosi akapapasa pale palipolowa. "Kwa hiyo wewe utakuwa unatia doa mwenyewe na kulitoa mwenyewe."

"Ndiyo, bosi."

"Huo ujanja." Lakini alikuwa anacheka. Akavua miwani, akaiacha ikaanguka kifuani. "Mashuka yanakwenda. Nimeshakubaliana nao na sirudi nyuma, nisikudanganye. Vitambaa vya meza vitabaki kwako, pamoja na vinywaji. Zambarau zikiisha, utaniletea tunda jingine."

"Na ile nyingine," Kufuli alipaza sauti kutoka getini, "ile ya kupiga mizinga, nayo itakuwepo?"

"Ipi hiyo?" bosi aliuliza.

"Hakuna, bosi," Bi Kanji na Mpishi walijibu kwa pamoja.

Mwezi mpya ulipoingia, gari la kijani lilikuja mapema likayabeba mashuka. Bi Kanji alipofika kazini, miguu ilimpeleka yenyewe uani. Kamba zilikuwa tupu, zimelegea. Karo lilikuwa kavu. Alisimama pale akiyafikiria mashuka yale, maana aliyajua moja moja, lenye kiraka kwenye kona na lenye uzi uliotoka, na akafikiria mikono itakayoyatupa kwenye mashine bila kuyajua. Hakuwasamehe watu wa kibao cha kijani, na hakuna aliyekuja kumwomba. Palikuwa panauma, pale pale pa siku zote.

Dirisha la jikoni likafunguliwa, mvuke ukatoka, na nyuma ya mvuke uso wa Mpishi.

"Dada! Mbona umesimama huko kama umeanikwa? Mapera yameletwa kapu zima na sijui hata tunayamenya au tunayaacha na ngozi!"

"Usiyaguse," Bi Kanji alisema, akaanza kukunja mikono ya gauni. "Nakuja. Usiguse kitu."